Mashimo ya Mama Vibao

Tuanze na choo, maana ukweli lazima usemwe. Kituo kile cha mazingira kilikuwa na kinamasi chenye ndege wa kila namna, kilikuwa na njia za mbao za kutembelea juu ya maji, na kilikuwa na ukumbi wa maonyesho ambao kwa haki ulistahili kupendwa. Ila aliyechora ramani ya jengo, Mungu amsamehe, aliweka mlango wa choo mwisho kabisa wa ukumbi. Kila mgeni aliyebanwa ilimbidi akatize katikati ya maonyesho. Na walikatiza kweli. Walikwenda mbio, wakarudi polepole huku wakikung'uta maji mikononi, na katika safari hizo mbili hakuna aliyegeuza shingo kumtazama korongo aliyekaushwa wala samaki waliochongwa kwa mbao.

Ukumbi huo ulikuwa wa Mama Vibao. Hakuununua, alikuwa mbunifu wa maonyesho, na kila kilichokuwemo humo kilipitia mikononi mwake, kuanzia macho ya kioo ya korongo mpaka matope ya plasta yaliyomkalisha wiki nzima akitafuta rangi yake. Jina la Mama Vibao alipewa na wenzake kazini, kwa sababu hakukuwa na tatizo duniani ambalo, kwa imani yake, kibao kisingeweza kulimaliza. Wageni wanatupa taka? Kibao. Wanapiga kelele ndege wanakimbia? Kibao. Hata nyumbani kwake jokofu lilibandikwa kibao kidogo kinachoomba mlango ufungwe, na mume wake, mtu mpole asiyependa ugomvi, alikuwa akikisoma kila siku huku mlango wa jokofu ukiwa wazi.

Sasa, Meneja wa kituo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu wa harusi. Alipenda harusi kama watu wengine wanavyopenda mpira, na kila alipoingia ukumbini macho yake yaliona mapambo. Mama Vibao alimkuta siku moja ameshika tepu ya kupimia, amesimama mbele ya korongo.

"Bosi, unampima korongo?"

"Hapana, bwana. Naangalia tu. Meza ya maharusi ingekaa vizuri hapa."

"Na korongo?"

"Korongo angesimama pale kwenye kona. Apige picha na watu."

Alisema kwa utani, lakini utani wa Meneja ulikuwa na miguu. Haikupita muda kamati ya kituo ikakaa, na Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye pete nyingi na maneno machache, akamwita Mama Vibao ofisini. Hakumzungusha.

"Mimi nimekaa mle ukumbini asubuhi nzima. Nimeona watu wengi sana. Wote walikuwa wanakwenda chooni."

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Nitarudi Jumamosi. Nikiona watu wanasimama, ukumbi ni wako. Nikiona wanapita, tutaugeuza wa sherehe, na wewe tutakutafutia kazi getini. Tumeelewana?"

Walielewana sana. Mama Vibao alitoka mle na miguu isiyojua inakwenda wapi. Kazi getini ilikuwa kuchana tiketi na kuwaambia watu choo kiko wapi, nayo aliona ni heri akauze karanga.

Usidhani alikuwa mbumbumbu wa kazi yake. Alikuwa mjuzi, tena mwenye jicho. Kwa muda mrefu alikuwa amegundua kwamba mdomo wa korongo, uliokuwa na kibao cha USIGUSE, ulikuwa umeng'aa kama kitasa cha mlango, maana walinzi wakigeuka tu watu wanaupapasa. Akawaza: kumbe mikono yao ina hamu kuliko macho yao. Basi tuipe mikono kazi. Akakaa na Fundi seremala, wakajenga kabati refu la plaiwudi lililosimama mbali kidogo na ukuta, wakalipaka rangi likawa kama gogo la mti mkubwa. Mbele walitoboa mashimo ya duara, kila shimo na chumba chake cha giza. Nyuma waliweka milango ya bawaba, ili vitu viweze kubadilishwa. Ndani mlikuwa na gamba la kobe, kiota cha ndege kilichotandikwa manyoya, kipande cha kichuguu, na miiba ya nungunungu iliyokatwa ncha ikapigwa msasa. Mgeni angeingiza mkono, apapase, akisie. Juu aliandika: INGIZA MKONO. NI NINI HIKI?

Fundi alirudi nyuma hatua kadhaa akaikagua kazi. "Hii ni kazi," alisema. "Hii hata kwenye magazeti itatoka."

Kabla ya onyesho lolote kufunguliwa, Mama Vibao alikuwa na desturi ya kulijaribu kwa watu wa nyumbani kwake, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, mgeni atakusifu kwa adabu lakini ndugu hana adabu. Alhamisi jioni akamleta mume wake pamoja na mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao.

Huyu mama mkwe lazima umfahamu. Alikuwa mwanamke mnene wa sauti na mwembamba wa mwili, na alimpenda mke wa mwanawe kwa njia moja tu aliyoijua, nayo ni kumtania tangu jua linapochomoza. Majirani walimsikia akisema, "Mkwe wangu mimi anapanga majani makavu kabatini, halafu akirudi jioni analalamika mgongo kama aliyetoka kulima." Mama Vibao alikuwa amezoea. Kicheko cha mama mkwe kilikuwa kama redio ya jirani, kinakuudhi kikiwapo na kikikosekana unajiuliza kulikoni.

Wakasimama mbele ya kabati. Mume akalisoma lile bango kwa makini, kisha akaweka mikono yake nyuma.

"Haya, ingiza," mke akasema.

"Mimi? Huu wa kulia ndio ninaouandikia."

"Basi ingiza wa kushoto."

"Wa kushoto una pete ya ndoa yetu. Ikipotelea humo je?"

Mama Vibao akamgeukia mama mkwe, ambaye alikuwa amekwisha kurudi nyuma mpaka mgongo ukagusa korongo.

"Mama, wewe?"

"Mwanangu," alisema mama mkwe, "mimi nimezaa, nimelea, na watoto wote niliopitisha mikononi nimewafundisha jambo moja kabla ya kusalimia. Usitie mkono kwenye shimo. Nimechapa watu kwa ajili ya hilo. Mumeo huyo nimemchapa. Leo wewe unawatoza watu kiingilio ndipo watie mikono shimoni? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hili lako ni la kukatika mkono."

Mume akacheka mpaka akashika ukuta. Mama Vibao hakucheka, maana hapo ndipo alipoliona kosa lake lote, na lilikuwa kubwa kama kabati lenyewe. Alikuwa amebuni onyesho kwa ajili ya watu wasio na mama. Kila mtu aliyelelewa karibu na nyasi, kichaka, banda la kuku au lundo la kuni ameimbiwa wimbo huohuo, naye Mama Vibao mwenyewe aliimbiwa, ila kwa kuwa mashimo haya aliyatoboa yeye, alisahau kwamba ni mashimo.

Na mama mkwe hakuwa anatania tu. Njiani kurudi nyumbani alisimulia, kwa sauti ya chini isiyo yake, kwamba alipokuwa msichana alitia mkono kwenye tundu la kuku kuchukua mayai, akagusa kitu baridi, kikasogea. Alikimbia. Hakurudi kutazama, na mpaka uzee huu hajui alichokigusa. "Labda alikuwa chura tu," mume alisema. "Labda," mama mkwe akajibu, akafunga dirisha la gari.

Mtu mwingine angevunja kabati lile aanze upya. Mama Vibao alifanya nini? Aliandika kibao. Ijumaa asubuhi alikibandika juu ya mashimo, kwa herufi nyekundu zinazosomeka kutoka mlangoni: HAKUNA NYOKA.

Fundi alikuja kukaza bawaba, akakisoma, akatoa mkono wake taratibu kutoka kwenye shimo la kwanza.

"Mbona unautoa? Wewe si ndiye uliyetoboa?"

"Ndiyo, Mama Vibao. Lakini kabla ya kibao hiki sikuwa nimemfikiria nyoka. Sasa nimemfikiria, tena mrefu."

"Lakini kimeandikwa hayupo!"

"Kwani nani anamtaja asiyekuwepo? Mimi mlangoni kwangu sijaandika hakuna chui."

Neno lilimchoma, lakini alikuwa ameshajifunga kibwebwe. Kabla ya kufunga ofisi aliongeza kibao kingine chini ya kile cha kwanza, kilichosema: KWELI KABISA.

Basi Jumamosi ikafika, na watu wakaja kama kawaida ya siku ya mapumziko, familia kwa familia. Mwenyekiti akachukua kiti akakaa karibu na ukuta, pete zake zimetulia mapajani. Meneja akasimama nyuma yake, na tepu mfukoni. Mama Vibao alivaa gauni lake la heshima. Mama mkwe naye alikuja, akajikalia kwenye benchi. Alisema amekuja kuona kama mkwe wake ataumwa na nyoka.

Wageni wa kwanza waliingia. Wakasoma. HAKUNA NYOKA, KWELI KABISA. Baba akamvuta mtoto wake kwa kola ya shati. Waliofuata walifanya kitu ambacho Mama Vibao hakuwa amewahi kukiona katika miaka yake yote ya kazi: walilizunguka kabati kwa mbali, wakijibanza kwenye ukuta wa upande wa pili kama watu wanaopita kando ya mbwa aliyelala, na baada ya hapo wakakimbia chooni kwa kasi kuliko zamani. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alifika mlangoni, akasoma, akageuka. Huyo hata choo alikisamehe.

"Naona sasa hata choo hawaendi," Mwenyekiti akasema polepole.

Mama Vibao alijitahidi. Aliwafuata watu, akawaeleza, akawaonyesha kwa kuingiza mkono wake mwenyewe mpaka begani na kuutoa ukiwa mzima. Walimpongeza, wakaenda zao. Jasho lilimtoka mpaka gauni la heshima likakosa heshima. Alimtazama korongo wake, akawatazama samaki wake wa mbao, na kwa mara ya kwanza alijiruhusu kuona kwamba wanaondoka, kwamba hivi vitu alivyovipenda kuliko mtu mzima anavyopaswa kupenda vitu vitafungiwa stoo, na mahali pake patakaa keki.

Hapo ndipo Mwenyekiti alipoinama kidogo kumwelekea Meneja. Hakukusudia kusikika, lakini ukumbi mtupu hauna siri.

"Yule si mama mkwe wake? Hata wa nyumbani kwake hawayasogelei mashimo yake."

Meneja akacheka kidogo, kicheko cha kumfurahisha mkubwa.

Mama mkwe alisikia. Na hapa inabidi nikueleze sheria ambayo haikuandikwa kwenye kibao chochote: kumcheka mke wa mwanawe ilikuwa haki yake yeye, aliipata siku ya ndoa, na hakuwa amemgawia mtu hata kipande. Alisimama. Akakunja mkono wa gauni lake mpaka kwenye kiwiko. Akavuka ukumbi mbele ya macho ya Mwenyekiti, moja kwa moja, mpaka kwenye shimo la kwanza.

Na mbele ya shimo akakwama.

Vidole vilifika ukingoni, vikasimama. Mama Vibao aliuona ule mkono mwembamba umekwama ukingoni, akamjua mtu aliyekuwa pale. Yule mama mtani alikuwa hayupo. Pale palisimama msichana wa tundu la kuku. Mzee huyu alikuwa anaogopa kweli, mchana kweupe, mbele ya watu, kwa ajili yake yeye. Mama Vibao hakungoja. Alizunguka nyuma ya kabati, akafungua mlango wa bawaba, akaingiza mkono wake gizani kutoka upande ule mwingine.

"Mama, ni mimi, nipe mkono," aliita.

Lakini mama mkwe alikuwa anasali kwa sauti, hakusikia kitu. Alifumba macho, akausukuma mkono ndani, na gizani ukakamatwa.

Ukelele alioutoa haujapata kutolewa katika kituo cha mazingira. Ndege waliruka kinamasini. Waliokuwa chooni walitoka, wengine kabla ya wakati wao. Walinzi walikuja mbio, wageni wa kwenye njia za mbao walikuja mbio nyuma ya walinzi, na Mwenyekiti alijikuta amesimama amemshika Meneja mkono.

"Mama! Ni mimi! Ni mimi, mkweo!"

Watu wote walimtazama yule bibi aliyekuwa amefumba macho, mkono wake umezama ndani ya gogo la bandia. Hakuutoa. Polepole, uso wake ukaanza kubadilika. Vidole vyake humo ndani vilikuwa vinapapasa, vinatambua.

"Ni wewe?" aliuliza.

"Ni mimi, mama."

"Nimekujua. Mkono mkavu kama kuni, una gundi hadi kwenye kucha." Akafumbua macho, akawageukia watu. "Jamani, mnaona? Kila siku namwambia apake mafuta!"

Ukumbi uliangua kicheko. Lakini nyuma ya kabati, ambako hakuna aliyemwona, Mama Vibao alikuwa analia, tusifichane. Kile kiganja cha mama mkwe kilikuwa kimeushika mkono wake kwa nguvu ambazo hazikuwa za utani hata kidogo, na hakikuuachia. Katika miaka yote ya kukaa nyumba moja hawakuwahi kushikana mikono muda mrefu hivyo. Akameza machozi, akauongoza ule mkono gizani, taratibu, mpaka ukafika.

"Haya, mama. Gusa hapo. Ni nini?"

"Kigumu... kama bakuli limefunikwa. Kina mistari." Uso wa bibi ulikunjamana, ukakunjuka. "Kobe! Ni kobe, na mwenyewe hayumo!"

Watu wakapiga makofi. Yule mtoto aliyevutwa kwa kola alikuwa amejiponyoa, yuko mbele kabisa. "Na mimi nataka," akasema. "Na mimi nishikwe." Baba yake akasema hapana, halafu akajikuta amesimama nyuma yake. Nyuma ya baba akasimama mama aliyebeba mtoto, yule aliyekisamehe choo, aliyerudishwa na ukelele. Mama Vibao aliipokea mikono mmoja baada ya mwingine. Mwingine uliingia kwa ujasiri, mwingine ukiwa na jasho, mwingine ukatoka mara tatu kabla ya kukubali kuingia. Kila mmoja uliposhikwa ulishtuka, kisha ukatulia. Nje alisikia kelele za kubishana: ni kiota, si kiota, ni wigi, nani aweke wigi humu?

Mstari ulipofika mlangoni, mama mkwe alikuja nyuma ya kabati amejibebea kigoda.

"Sogea. Mimi nashika wa kiota. Mkono wangu angalau una mafuta."

"Mama, huogopi?"

"Huku nyuma si shimoni. Huku ni jikoni."

Wakakaa bega kwa bega wakifanya kazi, na bibi alikuwa hodari kuliko mwenye kabati. Alimsalimu kila mtu kupitia tundu, akamuuliza habari za nyumbani, akamsifu au akamwambia kucha zake ni ndefu. Watu walimaliza shimo la kiota wakarudi mwisho wa mstari.

Baadaye ukaingia mkono wenye pete. Ulikuwa baridi, na pete zake ziligonga ukingo wa shimo. Mama Vibao akauona, akamtazama mama mkwe kwa macho ya kusihi: mama, tafadhali. Mama mkwe akamtazama yeye, akatabasamu vizuri, akaukamata ule mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibu, mwanangu," alisema kwenye tundu. "Habari za kazi?"

"Nzuri, mama," sauti ya Mwenyekiti ikajibu kutoka upande wa pili, nyembamba kidogo. "Ndicho kiota hiki?"

"Bado hujafika kwenye kiota. Hapa uko kwangu. Hebu niambie kwanza, huu ukumbi mmeuamuaje?"

Mkono ulijaribu kurudi. Haukurudi. Mama Vibao alifunika uso wake. Nje kicheko kilianza mbali, kikasambaa kwenye mstari wote, na katikati yake akakisikia cha Mwenyekiti mwenyewe, kicheko ambacho hakuna mfanyakazi wa kituo aliyewahi kukisikia.

"Unabaki, mama."

"Ah, masikio yangu ya uzee. Na hili gogo limeniziba."

"Ukumbi unabaki! Meneja, umesikia? Waambie watu wa harusi watafute kwingine."

Makofi yalipigwa mpaka kabati likatikisika, na Mama Vibao akamkumbatia mama mkwe wake ubavuni, pale pale juu ya kigoda, bila kujali nani atasema nini Jumatatu. Bibi hakuwa na mkono wa kumkumbatia nao. Yote miwili ilikuwa na kazi.

"Haya sasa, mwanangu," alimwambia Mwenyekiti, akiuongoza ule mkono taratibu kuelekea kwenye manyoya. "Nyoosha vidole. Usiogope, nimekushika."